Kabla Hujalinganisha Makala Zako na za Mwenzako

Kama wewe ni mhadhiri wa hisabati mwenye makala sita, na jirani yako anayetafiti malaria ana sitini, usikubali mtu akuambie kwamba jirani yako amefanya kazi mara kumi ya yako. Usikubali hata kama anayesema hivyo ni mwenyekiti wa kamati ya kupandisha vyeo. Na wewe mtafiti wa malaria, usivimbe kichwa. Sita na sitini zimetoka katika nyanja mbili zenye desturi tofauti za kuandika, za kutia majina na za kurejelea kazi za wengine. Asiyezijua desturi hizo hawezi kusema nani kafanya zaidi.

Naandika kwa ajili ya watafiti wanaochipukia: mhadhiri msaidizi anayesubiri kupanda daraja, mwanafunzi wa uzamivu anayeomba ufadhili, daktari wa hospitali ya rufaa aliyeanza kuchapisha. Naandika pia kwa wakubwa wetu wanaowekewa mezani mafaili ya watu wa fani kumi na kutakiwa kuamua kabla ya chakula cha mchana. Hawa wa pili wana dhamana nzito zaidi, kwa sababu namba wakiisoma vibaya, anayeumia ni mtu: mshahara wake, cheo chake, na miaka ya kazi isiyorudi.

Kuhesabu marejeo hakukubuniwa ili kupima watu. Mwaka 1955 Mmarekani Eugene Garfield aliandika katika jarida la Science akipendekeza faharasa itakayoonyesha kila makala imerejelewa na makala zipi zilizoifuata. Alitaka msomaji aweze kuifuatilia hoja ilikotoka na ilikokwenda, na ajue kama kazi anayotaka kuitegemea imekwisha kukosolewa. Faharasa yenyewe, Science Citation Index, ilianza kutolewa rasmi mwaka 1964. Baadaye ndipo waajiri na wafadhili walipoona kwamba humo ndani mna namba, na namba hufupisha vikao.

Kisha mwaka 2005 Jorge Hirsch, mwanafizikia wa Chuo Kikuu cha California, San Diego, akaleta kipimo ambacho leo kimo karibu katika kila wasifu: kipimo cha h. Hesabu yake ni nyepesi. Panga makala zako kuanzia iliyorejelewa zaidi, kisha shuka nazo. Ukiwa na makala 10 ambazo kila moja imerejelewa walau mara 10, lakini huna 11 zilizofika mara 11, h yako ni 10. Kinachosahaulika ni kwamba Hirsch mwenyewe, katika makala ileile, alionyesha jinsi nyanja zinavyotofautiana. Katika fizikia aliyeongoza orodha yake alikuwa Edward Witten, mwenye h ya 110. Katika sayansi za viumbe aliongoza Solomon Snyder, mtafiti wa ubongo, mwenye 191. Witten ndiye mwanafizikia aliyepewa Medali ya Fields mwaka 1990, tuzo ambayo wanahisabati wanaiheshimu kuliko zote. Nani atathubutu kusema kazi yake ina uzito wa nusu na ushei tu wa kazi ya Snyder?

Tofauti hiyo ina sababu zake, na inafaa uzijue vizuri kiasi cha kuweza kumweleza mtu asiye wa fani yako kwa dakika mbili. Makala ya tiba au biolojia hufungwa na orodha ndefu ya marejeo. Ya hisabati orodha yake huwa fupi. Kila rejeo analotoa mtu mmoja ni rejeo analopokea mwingine, kwa hiyo nyanja yenye orodha ndefu hugawa marejeo mengi kwa watu wake. Halafu kuna idadi ya watafiti wenyewe. Saratani inatafitiwa na umati duniani kote, lakini kipengele kimoja cha nadharia ya namba huenda kikawa na wataalamu wanaoenea katika ukumbi mmoja wa mikutano. Kuna pia mwendo wa fani. Mahindi yaliyopandwa wakati wa mvua za masika huvunwa mwaka uleule, ilhali mnazi humsubirisha mkulima miaka kadhaa kabla ya kumpa nazi ya kwanza. Ukipima mashamba yote mawili baada ya miaka miwili utamwona mwenye minazi kuwa mvivu. Makala ya tiba huweza kurejelewa sana ndani ya miaka miwili. Ya hisabati, ya historia au ya isimu huenda ndiyo kwanza inaanza kusomwa.

Desturi ya kuchapisha nayo ni jambo jingine. Wataalamu wa kompyuta hutoa kazi zao kubwa kwenye makongamano, na kwao karatasi ya kongamano zuri haipungui uzito mbele ya makala ya jarida. Wanahistoria na wahakiki wa fasihi huandika vitabu, na kitabu kimoja cha miaka minane hakionekani vizuri katika kanzidata zilizojengwa kwa ajili ya majarida.

Hata ndani ya nyanja moja, aina ya makala hubadili kila kitu. Mwaka 2014 jarida la Nature lilipoorodhesha makala 100 zilizorejelewa zaidi, ya kwanza ilikuwa ya mwaka 1951 iliyoandikwa na Oliver Lowry na wenzake kuhusu njia ya kupima protini, ikiwa imerejelewa zaidi ya mara 300,000. Makala ya Watson na Crick ya mwaka 1953 kuhusu umbo la DNA haikuwemo kabisa katika hizo 100. Aliyetumia njia ya Lowry maabarani alilazimika kuitaja kila alipoandika. Umbo la DNA likawa jambo la vitabu vya sekondari, na jambo linalojulikana na wote halitajiwi mwandishi tena.

Hapa kwetu tunao mfano ambao ningependa kila kamati iukumbuke. Mwaka 1963 Erasto Mpemba, mwanafunzi wa sekondari ya Magamba, aliona mchanganyiko wake wa aiskrimu ulioingizwa kwenye jokofu ukiwa wa moto ukiganda kabla ya wa mwenzake ambao haukuchemshwa. Baadaye, akiwa sekondari ya Mkwawa, Iringa, alimuuliza mgeni wao Denis Osborne, mwalimu wa fizikia kutoka chuo kikuu cha Dar es Salaam, sababu ya jambo hilo. Wenzake walimcheka. Osborne alirudi Dar es Salaam, akalijaribu, na mwaka 1969 makala yenye majina yao wawili ikatoka katika Physics Education, jarida la walimu wa fizikia. Mpemba akaenda kwenye taaluma ya wanyamapori. Mwaka 2012 chama cha wanakemia cha Uingereza, Royal Society of Chemistry, kilipotangaza shindano la kulieleza tukio hilo, majibu yalipita 22,000, na mwaka 2020 Nature ilichapisha jaribio jipya la wanafizikia wa Kanada kuhusu athari hiyohiyo, inayoitwa kwa jina lake. Sasa fikiria mtu mwenye makala ya namna hiyo moja tu. h yake haiwezi kuzidi 1, hata dunia nzima ikiirejelea, kwa sababu h haipiti idadi ya makala. Kipimo hicho kiliundwa kutambua wingi unaoendelea, na jambo moja kubwa hakilioni.

Majina juu ya makala ndiyo yenye mkanganyiko mkubwa zaidi. Mwaka 2015 makala ya vikundi viwili vya maabara ya fizikia ya CERN kuhusu uzito wa chembe ya Higgs ilitoka katika Physical Review Letters ikiwa na waandishi 5,154. Kila mmoja wao ana haki ya kuiandika kwenye wasifu wake, na kila rejeo linahesabiwa kwa wote. Katika tiba jina la kwanza kwa kawaida ni la aliyefanya kazi kubwa, na la mwisho ni la kiongozi wa maabara au mradi. Katika hisabati, na mara nyingi katika uchumi, majina hupangwa kwa alfabeti, kwa hiyo kumkata alama mwanahisabati kwa sababu jina lake ni la tatu ni kumwadhibu kwa herufi ya ukoo wake. Kama chuo chako kina kanuni ya kugawa alama kwa nafasi ya jina, na wewe unatoka fani ya alfabeti, usisubiri kikao. Ambatanisha barua fupi ya mkuu wa idara inayoeleza desturi ya fani yenu.

Watu wengi pia hudhani kurejelewa ni kusifiwa. Utafiti wa Mwanza uliotoka katika The Lancet mwaka 1995 ulionyesha kwamba kuboresha matibabu ya magonjwa ya zinaa vijijini kulipunguza maambukizi mapya ya virusi vya UKIMWI kwa takriban asilimia 40. Mwaka 1999 utafiti wa Rakai, Uganda, uliotoka katika jarida hilohilo, uliwapa watu wengi tiba ya magonjwa ya zinaa kwa pamoja na haukuona upungufu huo. Mjadala ukawaka: je, ni hatua ambayo janga lilikuwa limefikia, au ni namna ya kutoa tiba? Kila aliyeingia katika mjadala alizitaja zote mbili. Huko ni kurejelewa kwa heshima, kwa sababu sayansi ilikuwa inabishana na ushahidi mzuri. Lakini makala ya Andrew Wakefield ya mwaka 1998, iliyodai uhusiano kati ya chanjo ya surua na usonji, nayo imerejelewa mara nyingi mno, kwa sehemu kubwa na watu wanaoikanusha, na The Lancet liliifuta mwaka 2010. Ukisoma namba bila kusoma maneno yanayoizunguka, hizi zote zitakuwa marejeo tu.

Sasa tufike kwenye faili lako.

Anza na jina. Chagua namna moja ya kuliandika na usiibadilishe. Ally, Ali na Aly ni watu watatu mbele ya kompyuta, na dada aliyeolewa akabadili jina katikati ya kazi anaweza kujikuta nusu ya makala zake si zake. Jisajili ORCID, namba ya tarakimu 16 isiyolipiwa ambayo ilianza kutolewa mwaka 2012, na uiweke kwenye kila makala unayowasilisha. Andika jina la chuo chako vilevile kila mara, kwa sababu vyuo vyetu hupoteza kazi nyingi kwa watu kuandika kifupi leo na jina kamili kesho. Ukiwa na ukurasa wa Google Scholar, ufungue kila baada ya miezi michache na uondoe makala ambazo si zako. Programu hiyo hukubandikia kazi za wenye jina kama lako bila kukuuliza, na siku mjumbe wa kamati atakapoona makala ya upasuaji kwenye orodha ya mwanaisimu, hatailaumu programu. Atakutilia shaka wewe.

Kila unapoandika idadi ya marejeo au h, andika imetoka wapi na tarehe gani. Google Scholar huhesabu tasnifu, ripoti na vitabu, kwa hiyo namba zake huwa kubwa. Scopus na Web of Science huchagua majarida, na namba zao huwa ndogo. Mtu mmoja anaweza kuwa na h tatu siku hiyohiyo bila kudanganya popote. Kosa ni kuweka yako ya Google Scholar kando ya Scopus ya mshindani wako.

Kama maktaba yenu inalipia huduma hizo, muombe mkutubi akutafutie kipimo kilichorekebishwa kwa fani. Hicho hulinganisha makala yako na wastani wa dunia wa makala za fani hiyo, mwaka huo na aina hiyo. Ukipata 1 uko kwenye wastani; ukipata 1.5 umeuzidi kwa nusu. Mwenye makala chache asikiegemee mno, kwani makala moja iliyobahatika inaweza kukipandisha juu kupita kiasi. Kama huduma hiyo haipo, fanya kwa mkono. Fungua jarida lililochapisha makala yako, tazama makala nyingine za mwaka uleule zimerejelewa mara ngapi, kisha tafuta watu wanne au watano wa fani yako waliomaliza uzamivu miaka ileile na wewe, wa hapa na wa nje. Kazi hiyo ni ya mchana mmoja, nayo itakupa sentensi yenye nguvu kuliko h: kwamba makala hii iko miongoni mwa tatu zilizorejelewa zaidi katika toleo lake, kwa mfano.

Kiwango cha wastani wa marejeo ya jarida kisikutishe wala kisikudanganye. Hupatikana kwa kuchukua marejeo ya mwaka mmoja kwa makala za miaka miwili iliyotangulia na kugawa kwa idadi ya makala hizo. Jarida la saratani liitwalo CA, linalotoa takwimu ambazo kila mtafiti wa saratani huzitaja, limevuka 200. Annals of Mathematics, ambako Andrew Wiles alichapisha uthibitisho wake wa nadharia ya Fermat mwaka 1995, huzunguka 5. Anayesema jarida lenye 5 ni dhaifu hajui anazungumzia nini.

Halafu chagua makala zako tatu hadi tano na uzieleze. Chini ya kila moja andika sentensi mbili au tatu kwa lugha ambayo mjumbe wa idara nyingine ataielewa: uligundua nini, mkono wako ulikuwa upi, nani ameitumia. Kuhusu mkono wako, majarida mengi siku hizi hutumia mpango wa CRediT wenye majukumu 14, kuanzia kubuni wazo hadi kuchambua data na kuandika rasimu. Chukua maneno yako humo. Kuhusu matumizi, usiishie kwenye marejeo. Mwongozo wa wizara uliotaja utafiti wako, mbegu inayopandwa na wakulima, silabasi iliyochukua kitabu chako, hukumu iliyonukuu hoja yako: hizi ni athari za kweli, na aghalabu kanzidata hazizioni. Weka nakala siku hiyohiyo unapozipata. Kuzitafuta baada ya miaka mitano ni mateso.

Wanaoandika kwa Kiswahili wanahitaji kusemewa hapa. Makala nzuri kuhusu sintaksia ya Kiswahili katika jarida la Kiswahili au Mulika, yanayotolewa na Taasisi ya Taaluma za Kiswahili (TATAKI) ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, husomwa na walimu, wahariri na wanafunzi kuanzia Zanzibar hadi Eldoret, lakini sehemu kubwa ya machapisho ya lugha yetu haionekani katika kanzidata kubwa. Usihame lugha kwa sababu hiyo. Andika muhtasari mzuri wa Kiingereza, hakikisha makala inapatikana mtandaoni, na ueleze katika faili lako kwamba wasomaji wa fani hii wako huku. Ilani ya Leiden, iliyotolewa na wataalamu wa vipimo vya utafiti katika Nature mwaka 2015, inataka wazi utafiti wenye manufaa ya mahali ulindwe na tofauti za fani zizingatiwe. Itaje.

Shinikizo la wingi huzaa majaribu. Mwaka 2013 mwandishi John Bohannon alituma makala ya uongo, yenye makosa ya kisayansi ya wazi, kwa majarida 304 yanayosomwa bure mtandaoni, toleo lake mojawapo likiwa na jina la mtafiti wa kubuni wa taasisi ya kubuni mjini Asmara. Majarida 157 yaliikubali. Kabla ya kutuma kazi yako, tazama kama jarida limo katika DOAJ, orodha ya majarida yanayosomwa bure, au kama ni la Afrika, katika AJOL, mkusanyiko wa majarida ya Afrika mtandaoni. Kisha chagua jina moja la bodi ya wahariri na umwandikie kuuliza kama kweli yumo. Ada peke yake si dalili ya utapeli. Majarida mengi ya haki hutoza, na mengi hupunguza au hufuta ada kwa waandishi wa nchi za kipato cha chini, ila mara nyingi huna budi kuomba mapema. Usikate utafiti mmoja vipande vinne ili upate alama nne. Usikubali pia ombi la kurejeleana kwa zamu. Katika fani ndogo marejeo machache tu humpandisha mtu hadi juu ya orodha za dunia, na kwa sababu ya udanganyifu wa namna hiyo kampuni ya Clarivate iliiondoa hisabati katika orodha yake ya watafiti wanaorejelewa sana mwaka 2023.

Kuhusu orodha ya asilimia 2 ya wanasayansi, ambayo vyuo vyetu huitangaza kwa mabango kila mwaka: imetengenezwa na John Ioannidis wa Stanford na wenzake kwa data ya Scopus, na wamejitahidi kugawa watu katika nyanja 22 na vitengo 174. Ukiwemo, hongera, na useme kama ni orodha ya kazi ya maisha yote au ya mwaka mmoja, maana hizo ni mbili. Tazama pia nafasi yako baada ya marejeo uliyojipa mwenyewe kuondolewa, wanaionyesha. Usipokuwemo, na majarida yako hayamo katika Scopus, orodha hiyo haijakupima.

Nanyi wajumbe wa kamati, someni. Mwanafizikia Peter Higgs, yule wa chembe ya Higgs, alichapisha makala zisizofika kumi baada ya zile zake za mwaka 1964, na mwaka 2013, alipopata Nobeli, aliliambia gazeti la Guardian la Uingereza kwamba haoni kama chuo chochote cha leo kingemwajiri. Azimio la San Francisco la mwaka 2012 limewapa hata maneno ya kuweka kwenye kanuni zenu: kiwango cha jarida kisitumike kupima makala ya mtu wala mtu mwenyewe. Badala ya kujumlisha alama, mwombeni kila mwombaji makala zake tatu, mzipeleke kwa wasomaji wawili wa fani yake, na muwaulize swali moja: kazi hii imebadili nini katika yale ambayo fani ilikuwa inayajua? Mkikosa msomaji chuoni kwenu, mwandikieni wa chuo jirani, mpeni wiki sita, na mlipieni kazi yake.